Vizibo vya zamani vya amalgamu: kuamua kuviacha au kuvitoa, na namna ya kuvitoa bila kuvuta zebaki

Fungua mdomo mbele ya kioo. Ukiona magego yana viraka vya rangi ya fedha iliyofifia, au vyeusi kabisa, hiyo ni amalgamu, kizibo cha madini kinachojazwa kwenye jino lililotoboka. Karibu nusu ya uzito wake ni zebaki. Nusu nyingine ni unga wa fedha, bati na shaba, mara nyingine na zinki kidogo. Zebaki ikichanganywa na unga huo hushikamana nao na kuwa kitu kigumu, ndiyo maana kizibo kimoja kinaweza kutafuna mahindi ya kuchoma na nyama kwa miaka 15, 20 au zaidi bila kulegea.

Siku hizi watu wengi wanauliza kama wavitoe. Swali hilo limeletwa na habari za kweli. Norway ilipiga marufuku amalgamu mwaka 2008, Sweden mwaka 2009, na Umoja wa Ulaya ukafuata tarehe 1 Januari 2025, isipokuwa pale daktari anapoona mgonjwa anaihitaji kabisa kwa sababu za kitabibu. Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki, ulioanza kutumika Agosti 2017 na ambao Tanzania na Kenya zimeuridhia, unazitaka nchi zipunguze amalgamu hatua kwa hatua, na zizuie au zishauri isitumike kwenye meno ya utotoni, kwa watoto wa chini ya miaka 15, kwa wajawazito na kwa wanaonyonyesha.

Lakini sheria hizo zote zinahusu kizibo kipya. Hakuna inayomwamuru mtu akatolewe kile ambacho tayari kiko kinywani. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilisema wazi katika mapendekezo yake ya Septemba 2020 kwamba kizibo kilicho kizima kisitolewe bila sababu ya kitabibu, kwa kuwa kukitoa kunapoteza sehemu ya jino iliyo na afya na kunaongeza mvuke wa zebaki kwa muda. Msimamo wetu ni huohuo, na mwongozo huu umejengwa juu yake: kizibo kizima kiache, kibovu kitoe, na ukikitoa, simamia zile dakika chache za kukata zaidi ya kitu kingine chochote.

Hatua ya 1: Jua zebaki inatoka lini na inaingia wapi

Kizibo kilichotulia hutoa mvuke kidogo sana. Mvuke huongezeka unapotafuna, unapokunywa kitu cha moto, na hasa ukiwa na tabia ya kusaga meno usiku. Anayetafuna chingamu au mirungi kwa saa nyingi anakisugua kizibo muda wote huo. Kwa mtu mwenye vizibo 7 hadi 10, makadirio ya FDA ni maikrogramu 1 hadi 5 za zebaki kwa siku.

Njia ya hatari ni mapafu. Kati ya mvuke unaovutwa, takribani asilimia 80 huingia kwenye damu. Kipande kigumu kilichomezwa ni habari nyingine: tumbo halikifyonzi kwa kiasi cha maana, kinatoka na choo. Ukimeza kipande cha kizibo ukiwa unakula, huhitaji dawa yoyote ya kukitoa; kinachohitaji kutazamwa ni jino lililobaki wazi.

Sasa fikiria drili inayozunguka kwa kasi kubwa juu ya kizibo kikavu. Joto linapanda, unga unaruka, mvuke unajaa mdomoni, na pua iko sentimita chache tu juu yake. Hapo ndipo mgonjwa, daktari na msaidizi wake wanapovuta zebaki nyingi kwa mara moja. Tafiti za waliotolewa vizibo zimeonyesha kwamba kiwango cha zebaki mwilini hupanda kwa siku chache, kisha hushuka taratibu, na baada ya miezi kadhaa huwa chini kuliko mwanzo. Mwili hupunguza nusu ya zebaki hiyo kwa takribani miezi miwili. Kwa hiyo kutoa kunapunguza zebaki mwishowe, lakini kwa kupitia mlima mdogo kwanza, na urefu wa mlima huo unategemea mikono na vifaa vya daktari.

Hatua ya 2: Kagua mwenyewe nyumbani

Huhitaji zaidi ya kioo kidogo, tochi ya simu na uzi wa kusafishia meno. Piga mswaki kwanza, kausha jino kwa kitambaa safi, kisha angalia.

Pitisha ulimi kwenye mpaka kati ya kizibo na jino. Mfereji mwembamba pembezoni ni kawaida kwa kizibo cha zamani. Shimo ambalo ncha ya kijiti cha meno inazama na kukwama si kawaida. Pitisha uzi kati ya jino lenye kizibo na jirani yake: uzi ukichanika au kutoka na nyuzinyuzi kila mara mahali palepale, kuna ukingo uliovunjika au uozo mpya. Uzi ukipita bila kubanwa hata kidogo, na chakula kinaganda hapo kila ukila nyama au embe, kizibo kimepoteza mgusano na jirani yake.

Ng'ata kijiti laini cha mti kwenye kila ncha ya gego, moja baada ya nyingine. Maumivu makali yanayokuja unapoachia, wala si unapobana, mara nyingi ni dalili ya ufa kwenye jino. Ufa ni tatizo kubwa kuliko zebaki, kwa kuwa unaweza kufika kwenye mzizi na ukapoteza jino zima.

Mwisho, vuta shavu pembeni na uangalie nyama yake ya ndani, pale inapolala juu ya kizibo. Mistari myeupe kama wavu, au sehemu nyekundu inayouma ukila pilipili, iliyo sawia kabisa na kizibo, inaweza kuwa mwitikio wa mwili dhidi ya madini ya amalgamu. Hili ni jambo la kweli na lina dawa: ukitoa kizibo hicho kimoja, kidonda mara nyingi hupungua au huisha kwa wiki au miezi kadhaa. Kidonda au kiraka chochote kinywani kinachozidi wiki mbili kionwe na daktari hata kama hakiko karibu na kizibo, maana saratani ya kinywa nayo huanza hivyo.

Hatua ya 3: Pata picha na jibu la maandishi

Mwombe daktari wa meno picha ya eksirei ya kung'ata, ile unayobana kipande kidogo kati ya meno ya juu na ya chini. Amalgamu huonekana nyeupe kabisa. Kivuli cheusi chini yake au pembeni, karibu na ufizi, ndicho uozo mpya. Picha hii inaonyesha kati ya meno, mahali ambapo macho hayafiki, na inaonyesha pia umbali uliobaki kati ya kizibo na kiini cha jino chenye mishipa.

Kisha uliza kwa kila jino, kwa namba yake: «Kizibo hiki kina tatizo gani?» Jibu liandikwe. Daktari makini atasema jino la 36 lina uozo upande wa nyuma, la 46 liko salama, la 17 lina ufa. Anayesema «vyote ni vya zamani, tuvibadilishe» hajajibu.

Sababu za kutosha za kutoa ni hizi: uozo mpya chini au pembeni ya kizibo, kizibo kilichovunjika au kulegea, ufa wa jino, maumivu ambayo chanzo chake kimethibitishwa kuwa jino hilo, mwitikio wa shavu tulioueleza, au mzio wa zebaki uliothibitishwa na kipimo cha ngozi.

Sababu zisizotosha ni nyingi zaidi. Weusi peke yake hautoshi. Amalgamu hubadilika rangi kama sufuria inavyofanya. Umri peke yake hautoshi. Kingo zilizolika kidogo bila uozo zinaweza kusawazishwa, na sehemu ndogo iliyovunjika inaweza kuzibwa peke yake bila kung'oa kizibo chote. Uulize hilo la kukarabati, kwa sababu watu wengi hawaambiwi kwamba linawezekana.

Kutaka meno meupe ni haki yako, na mtu mzima mwenye afya anaweza kuamua hivyo. Ila ajue gharama yake kwa jino. Kila mara kizibo kinapobadilishwa, shimo linakuwa kubwa kidogo, kwa sababu drili haiwezi kuishia mstari uleule. Jino lililokuwa na kizibo cha wastani linakaribia kuhitaji kofia, yaani kifuniko cha jino zima, na lenye kizibo kikubwa linakaribia kutibiwa mzizi. Hesabu hiyo ndiyo inayotufanya tuseme usiguse kizibo kizima.

Uchovu, kuumwa kichwa, kusahau na ganzi za mikono

Hapa tutakaa kidogo, kwa sababu ndipo watu wanapoumizwa na kutozwa pesa.

Mtu anahisi uchovu usioisha, anasoma kwamba ni vizibo, anataka vyote vitoke. Uchovu huo unastahili kuchunguzwa kwa bidii, lakini uchunguzi uanze na wingi wa damu, sukari, shinikizo, tezi ya shingo, malaria, na usingizi. Majaribio mawili makubwa ya watoto, moja la Marekani na jingine la Lisbon nchini Ureno, yalichapishwa mwaka 2006. Watoto waliozibwa kwa amalgamu walilinganishwa kwa miaka kadhaa na waliozibwa kwa vizibo vyeupe, na hakukuonekana tofauti ya akili, kumbukumbu wala neva kati yao.

Ukitaka kupima zebaki, pima mkojo, na upimwe pamoja na kreatinini, taka ya mwili inayotoka na mkojo, ili maji uliyokunywa yasipotoshe majibu. Kwa watu wengi wasiofanya kazi na zebaki, majibu huwa chini ya maikrogramu 20 kwa lita. Damu na nywele huonyesha zaidi zebaki ya samaki; aliyekula papa au nduaro wiki nzima atapata namba ya juu isiyohusu meno hata chembe.

Mkojo ukionyesha zebaki nyingi, kwetu Afrika Mashariki kuna maswali mawili ya kuuliza kabla ya kugusa jino. La kwanza ni mkorogo. Krimu na sabuni za kung'arisha ngozi zenye zebaki bado zinauzwa kwa siri, na huingiza zebaki nyingi kuliko vizibo, huharibu figo. La pili ni dhahabu. Wachimbaji wadogo wanaokamatisha dhahabu kwa zebaki na kuchoma mchanganyiko huo, Geita, Chunya, Migori na kwingineko, wanavuta mvuke uleule kwa kiasi kisicholinganishwa na cha jino, na majirani na watoto wa nyumbani wanauvuta pia. Mtu akitoa vizibo vyote kumi huku akiendelea kupaka krimu, hajatibu chochote.

Kataa kipimo cha mkojo kinachotanguliwa na dawa ya kuvuta madini. Dawa hiyo huitoa zebaki kwa nguvu kwa mtu yeyote, hata mwenye afya, kisha majibu yanalinganishwa na viwango vya watu ambao hawakupewa dawa. Lazima yaonekane ya juu. Na kataa dripu za «kusafisha sumu» baada ya kutolewa vizibo. Dawa hizo zina kazi yake kwa aliyethibitika kuwa na sumu, hospitalini, chini ya uangalizi. Zikitumiwa ovyo hushusha kalsiamu na madini mengine ya mwili, na zimewahi kuua.

Hatua ya 4: Angalia kama ni wakati wako

Mjamzito na anayenyonyesha wasubiri, isipokuwa jino linauma au limeoza kiasi cha kuleta jipu. Katika hali hiyo jino linatibiwa, kwa kinga zote za hapa chini, kwa sababu maambukizi yaliyoachwa ni hatari zaidi. Anayepanga kubeba mimba na ana kizibo kibovu akimalize mapema, akiacha miezi kadhaa katikati ili kile kilichopanda kishuke.

Mwenye ugonjwa wa figo au wa neva, kama Parkinson au multiple sclerosis, amwambie daktari wa meno na daktari wake anayemhudumia siku zote. Hawa ndio FDA inawashauri wasiwekewe amalgamu mpya kadiri inavyowezekana, pamoja na watoto, hasa wa chini ya miaka 6. Hata kwao, kizibo kizima hakitolewi kwa hofu tu.

Usitoe vyote siku moja. Fanya robo moja ya mdomo kwa mara moja, kizibo kimoja hadi vitatu, kisha acha wiki tatu au nne. Kuna sababu zaidi ya zebaki: ukitafuna vibaya upande mmoja, unabaki na upande mwingine wa kutafunia, na jino likianza kuuma, unajua ni lipi.

Hatua ya 5: Chagua kliniki kwa maswali, kabla ya kukaa kwenye kiti

Kwanza hakikisha ni daktari wa meno aliyesajiliwa. Tanzania Bara msajili ni Baraza la Madaktari Tanganyika, Kenya ni KMPDC, baraza la madaktari na madaktari wa meno. Fundi wa kutengeneza meno bandia na mtu wa mtaani mwenye drili ya kubeba hawatoi amalgamu.

Kisha piga simu au nenda uulize. Mnatumia pazia la mpira, ile karatasi inayolitenga jino na koo, kila mnapotoa amalgamu? Mna mfyonzo wenye nguvu, ule wa mrija mpana, mbali na kile kijirija cha kuvuta mate? Mna chujio la kunasa amalgamu kwenye maji machafu? Vipande mnavipeleka wapi? Umeme ukikatika, jenereta inawasha mfyonzo pia, au taa tu?

Swali la mwisho watu hulisahau. Umeme ukikatika katikati ya kukata, drili inasimama na mfyonzo unasimama, na mdomo umejaa unga na maji yenye zebaki. Kliniki yenye umeme mzuri wa akiba itakujibu papo hapo. Ikiwa eneo lina mgao wa umeme, omba miadi ya saa ambazo umeme huwa upo.

Kliniki ikijibu «pazia la mpira hatutumii, lakini tunafanya haraka», tafuta nyingine. Haraka bila kinga ndiyo tunayoikimbia. Kliniki isiyo na mashine ya kuchuja hewa lakini ina pazia, maji mengi, mfyonzo wenye nguvu na madirisha mawili yanayopitisha upepo, tungeichagua bila wasiwasi. Wapo wanaotangaza kifurushi cha bei ghali chenye oksijeni ya puani, mavazi ya plastiki mwili mzima na vidonge vya mwani. Oksijeni ya puani ni nzuri, inakupa hewa safi mbali na mdomo. Vidonge havina ushahidi wa kuaminika. Mkaa wa dawa nao usiumeze kwa ajili hii ikiwa unatumia dawa za kila siku, kama ARV, za kifafa au za uzazi wa mpango, kwa kuwa unanasa dawa tumboni kabla hazijaingia mwilini.

Omba bei iliyogawanywa: kumwona daktari, picha, kutoa, kuziba kwa idadi ya nyuso za jino, na kofia endapo itahitajika. Uliza pia itakuwaje jino likifunguliwa ikaonekana uozo umefika kwenye kiini. Bima nyingi hulipia kizibo kilichoharibika. Kubadilisha kizima kwa ajili ya rangi utalipa mwenyewe.

Hatua ya 6: Amua kitakachowekwa badala yake

Kompositi, kile kizibo cheupe kinachogandishwa kwa taa ya bluu, ndicho kinachotumika zaidi. Kinashikana na jino na kinapendeza, lakini hakipendi unyevu. Mate yakigusa jino wakati wa kukiweka, mshikamano unaharibika na uozo unaingia chini yake bila mtu kujua. Mapitio ya tafiti ya Cochrane yaliona vizibo vya kompositi vya magegoni vikishindwa karibu mara mbili ya vile vya amalgamu, hasa kwa uozo wa kurudi. Kwa hiyo anayebadilisha amalgamu nzima kwa kompositi iliyowekwa kizembe amepoteza.

Glasi ionoma, aina nyingine ya kizibo cheupe, huvumilia unyevu zaidi na hutoa floraidi, ila ni laini. Inafaa kwa shimo dogo, kwa shimo la karibu na ufizi, au kama tabaka la chini chini ya kompositi. Jino ambalo kuta zake zilizobaki ni nyembamba kuliko milimita 2, au lenye ufa, lifunikwe kwa kofia au kipande cha seramiki kinachofunika ncha. Kizibo cheupe kikubwa kati ya kuta nyembamba kitalipasua jino siku utakapong'ata mfupa.

Hatua ya 7: Siku yenyewe

Kula kabla ya kwenda, maana mdomo utakuwa na ganzi kwa saa mbili hadi nne. Mweleze daktari dawa unazotumia, shinikizo la damu, na kama una mzio wa mpira wa glovu. Mwenye mzio huo apewe pazia la nitraili, mpira wa kutengenezwa kiwandani usio wa asili. Hata kwa wengine tunalipendelea, kwa sababu mvuke wa zebaki hupenya mpira wa kawaida.

Baada ya sindano ya ganzi, daktari anatoboa tundu kwenye karatasi hiyo ya mpira, anaipitisha juu ya jino na kuibana kwa klipu ya chuma. Sasa jino linachomoza peke yake juu ya pazia, kama kisiki juu ya maji, na koo lako liko upande wa pili. Pembeni mwa jino, pakiwa na upenyo, panazibwa kwa jeli maalumu. Chini ya pazia kinabaki kijirija cha kuvuta mate na mvuke wowote uliopenya. Utafunikwa macho kwa miwani na uso kwa kitambaa. Pumua kwa pua. Kama pua yako imeziba kwa mafua, ahirisha miadi. Ni afadhali kupoteza wiki moja kuliko kupumua kwa mdomo katika dakika hizo.

Msaidizi anashika mrija mpana sentimita moja au mbili tu kutoka kwenye jino. Daktari anatumia ncha mpya ya drili ya kabaidi, madini magumu sana, kali na nyembamba. Ncha iliyochakaa inasugua badala ya kukata, na kusugua ndiko kunakozalisha joto na mvuke. Maji yanamwagika muda wote.

Sasa angalia namna ya kukata, kwa sababu hapa ndipo fundi mzuri anapojulikana. Hasagi kizibo chote kikawa unga. Anachora mfereji katikati, wakati mwingine na mwingine wa kuukata msalaba, hadi karibu na sakafu ya shimo, bila kugusa jino. Kisha anaingiza kifaa cha mkono kama kijiko kidogo, anakizungusha, na robo ya kizibo inang'oka vipande vipande: tap, tap, kwenye mrija. Kizibo cha kawaida kinatoka kwa dakika chache namna hiyo. Ukisikia drili ikinguruma mfululizo bila kituo na unaona vumbi la kijivu likiruka mbele ya taa, inua mkono. Mkubaliane kabla ya kuanza kwamba mkono wa kushoto ukiinuliwa, kazi inasimama.

Vipande vikiisha, pazia na jino vinaoshwa kwa maji mengi huku mfyonzo ukiendelea. Daktari anabadilisha glovu, na pazia likiwa limechafuka linabadilishwa kabla ya kuziba. Baadaye, pazia la mwisho likiondolewa, mdomo unasuuzwa vizuri na kutemwa. Vipande vilivyonasa chini ya ulimi na kwenye kona ya shavu vitafutwe.

Kisha uozo unasafishwa. Kwa kompositi, jino linapakwa asidi ya fosfori ya asilimia 37 kwa takribani sekunde 15, linaoshwa, linapakwa gundi, na kizibo kinawekwa kwa tabaka zisizozidi milimita 2, kila tabaka likigandishwa kwa taa. Anayejaza shimo refu kwa mkupuo mmoja kwa kompositi ya kawaida anaacha sehemu ya chini ikiwa mbichi, na hiyo ndiyo asili ya maumivu mengi ya baadaye. Mwisho ni karatasi ya rangi ya kung'ata. Ng'ata, sogeza taya kushoto na kulia. Kwa kuwa una ganzi huwezi kuhisi vizuri, kwa hiyo usione aibu kurudi kesho yake kizibo kikiwa kirefu.

Hatua ya 8: Baada ya hapo

Usitafune upande huo hadi ganzi iishe. Watu hung'ata midomo na mashavu yao bila kujua, watoto hasa. Jino kushtuka kwa maji baridi kwa siku chache hadi wiki mbili au tatu ni kawaida, mradi linapungua. Likiuma kila unapobana meno, kizibo kiko juu, linasawazishwa kwa dakika tano. Usivumilie wiki nzima, kwa sababu jino linalogongwa kila siku huvimba ndani.

Baridi ikiacha maumivu yanayoendelea zaidi ya nusu dakika, au jino likikuamsha usiku, au ufizi ukivimba, kiini kimeathirika na huenda jino likahitaji kutibiwa mzizi. Hilo linatokea hata kwa daktari hodari, zaidi pale kizibo cha zamani kilipokuwa kirefu. Unapaswa kuwa umeambiwa uwezekano huo kabla, kwa picha.

Siku ya pili pitisha uzi wa meno pande zote mbili za jino. Ubanwe kidogo, upite, utoke mzima. Ukichanika, kuna ukingo wa kusuguliwa. Ukipita bila kubanwa, mrudie daktari wakati kazi bado ni yake ya kurekebisha.

Vipande vya amalgamu

Amalgamu iliyotolewa ihifadhiwe kwenye chombo kinachofunga vizuri, chenye maandishi, na ikabidhiwe kwa wanaokusanya taka zenye zebaki. Isiwekwe kwenye boksi la sindano wala mfuko wa taka za hospitali, kwa sababu hivyo huchomwa, na tanuri hugeuza zebaki yote kuwa mvuke juu ya paa za jirani. Jino lililong'olewa likiwa na kizibo nalo lisichomwe. Chujio la amalgamu linalofuata kiwango cha ISO 11143 hunasa angalau asilimia 95 ya chembe zinazopita kwenye maji ya kliniki. Zisiponaswa huishia mtoni na ziwani, na kutoka huko hurudi mezani ndani ya samaki.

Kizibo kikikudondoka nyumbani, usikichezee, usimpe mtoto, usikitupe jikoni wala motoni. Kitie kwenye kichupa chenye kifuniko, suuza mdomo, tafunia upande mwingine, na upeleke kichupa hicho na jino lako kwa daktari ndani ya siku chache, kabla ukuta uliobaki wazi haujavunjika.